Gari Jipya Lililorudi kwa Kamba

Kwa kamba, ndiyo. Hukusikia vibaya. Gari jipya, lenye nguvu kuliko magari yote ya mtaa ule, lilifika nyumbani likivutwa kama mbuzi anayepelekwa mnadani, na lililolivuta lilikuwa kapikapu kazee kanakokohoa. Sasa unaniuliza kwa nini. Ukitaka kujua kwa nini, lazima nianze na mto. Si mto wa maji, mto wa kukalia.

Walikuwa ndugu wawili. Mkubwa aliitwa Dereva, na aliitwa hivyo muda mrefu mpaka jina lake la kwao likaota kutu. Alikuwa na pikapu yake ya dizeli, anabeba mizigo sokoni: magunia, vitanda, mchanga, ng'ombe akitokea. Pikapu yenyewe watu waliiita Kikohozi, maana asubuhi ikiwashwa mtaa mzima ulijua kumekucha. Usicheke. Ukoo wote ulikuwa umempanda Kikohozi, wengine wakienda kuzaliwa, wengine wakienda kuzikwa. Mtu akiugua, hakuna aliyesema "tafuta gari." Walisema "mwite Dereva."

Na kiti cha mbele kilikuwa cha mama yao. Dereva alikata godoro la zamani, akalishonea kitambaa cha maua, akatengeneza mto, akauweka pale. Hakuna mwingine aliyeukalia. Hata mkewe, Mama Pacha, akipanda na mama mkwe hayupo, aliusogeza pembeni akakalia kiti kitupu kilichochomoza chuma.

Mdogo wake walimwita Mabati, kwa sababu ya duka lake la mabati na misumari. Huyu Mungu alimfungulia. Nyumba ya vigae, simu mbili, kitambi cha heshima. Msiba ukitokea, Mabati anatoa sanda na jeneza. Anatoa hasa, si mchoyo, tusimsingizie. Lakini ukimaliza kumshukuru, unageuka unauliza, "Dereva yuko wapi, tupakie?"

Basi siku moja Mabati akapiga simu.

"Kaka, gari langu limefika. Liko kwenye yadi kule mji mkubwa. Twende ukanisaidie kulileta, ile mashine mimi siiwezi kwa njia ndefu."

"Gari gani?"

"Pikapu."

Dereva akalirudia neno moyoni. Pikapu. Mtu ana gari dogo la kutembelea, anataka pikapu ya nini?

"Na mama tutampitia huko huko kwa dada," Mabati akaendelea. "Daktari wa macho amemruhusu. Ila kaka, njoo na ule mto wake, asije akachoka njiani."

Dereva alipokwenda kuutoa mto ndani ya Kikohozi, Mama Pacha alikuwa kibarazani anachambua mboga. Akamtazama mumewe, akautazama mto.

"Huo unakwenda wapi?"

"Unakwenda kupanda gari la shemeji yako."

"Na wewe?"

"Mimi naendesha."

"Basi mto umekuzidi cheo," akasema mkewe. "Mto unaalikwa, wewe unatumwa." Kisha akaona uso wa mumewe, akapunguza. "Haya, nenda salama. Mizigo ya sokoni nitaibeba mimi na Kikohozi."

Maana Mama Pacha alikuwa anaendesha. Alijifunza mwaka ule Dereva alipovunjika mkono, na wateja wakasema mama hatikisi mizigo kama baba. Hilo nalo Dereva alilimeza hivyo hivyo.

Mabati akatangulia yadini. Dereva akapanda basi, mto mapajani, mchana kutwa na usiku kucha. Mtu aliyekaa naye akamuuliza, "Mzee, una tatizo la mgongo?"

"La moyo," akasema Dereva, na hakutania.

Sasa lile gari. Mimi si mtu wa kusifia chuma, lakini chuma kile kiliumbwa kikaumbika. Jeusi, linang'aa mpaka unajiona na makunyanzi yako. Milango minne, nyuma kasha la mizigo ambalo halijawahi kuona hata kitunguu. Yule muuzaji wa yadi akafungua boneti akaanza kuhesabu nguvu za farasi: farasi mia ngapi sijui wamo humo ndani, wanakunywa petroli, wanavuta trela kama karatasi. Akaliwasha. Halikukohoa. Lilinguruma chini chini, laini, kama paka mkubwa aliyeshiba.

Dereva alisikia mngurumo ule ukamwingia tumboni. Mtu aliyekaa na dizeli maisha yake yote, ile kata-kata-kata ya dizeli anaijua kama anavyomjua mkewe. Hii haikuwa hiyo.

Muuzaji akamgeukia Mabati. "Bosi, dereva wako anaziweza hizi za otomatiki?"

Mabati akacheka. "Atazoea."

Ni hilo tu. Hakusema "huyu ni kaka yangu." Labda hakufikiria. Akachomoa noti mfukoni, akamkabidhi Dereva pale pale mbele ya muuzaji na waosha magari. "Posho yako kabisa, kaka, tusije tukasahau." Lile "kaka" lilikuja baada ya noti, na waosha magari walikuwa wameshaona noti.

Akazipokea. Angefanyaje? Nyumbani unga haukuwa wa kuringia.

Wakampitia mama kwa dada yao. Mama katoka na miwani myeusi ya hospitali, kapendeza kama mwanasiasa. Akapapasa mlango wa gari, akasema, "Mbona limeinuka hivi? Mnanipeleka kwa ngazi?"

"Hili ndilo gari la kisasa, mama," Mabati akasema, na mwenyewe akauchukua ule mto mikononi mwa kaka yake, akautandika kiti cha mbele juu ya ngozi mpya yenye nailoni. "Mto wako huu hapa. Kaa." Kisha akapanda kiti cha nyuma akajinyoosha kama waziri. "Ombi moja tu, wazee wangu. Humu ndani hatuli. Harufu ya chakula ikiingia kwenye gari jipya haitoki."

Mama alikuwa na mkate na mayai ya kuchemsha aliyofungiwa na bintiye. Akayafunga tena, akayaweka miguuni.

Njia ilikuwa ndefu, nchi nzima mnaikata kutoka upande huu mpaka upande ule. Na nikuambie ukweli, Dereva alilifurahia lile gari mpaka akaona aibu. Ukigusa mafuta kidogo tu, kiti kinakusukuma mgongoni. Malori yale ambayo Kikohozi huyafuata kilima kizima akimeza moshi, hili liliyapita kama yamesimama kununua nyanya. Mikono yake ikalizoea, mguu ukalizoea. Na kila lilipomtii, roho ilimuuma zaidi. Watu husema wivu ni kukichukia kitu cha mwenzio. Si kweli. Kitu usichokipenda utakionea wivu gani?

"Kaka, taratibu kwenye mashimo."

"Nimeyaona."

"Kaka, hiyo swichi usiiguse."

"Sijaigusa."

"Kaka, umepangusa viatu lakini?"

Dereva alishika usukani akatazama mbele. Wakalala njiani nyumba ya wageni, wakaamkia safari, na mchana wa pili, milima ya kwao ikiwa imeshaanza kuonekana kwa mbali, Mabati akainama mbele katikati ya viti akamshika mama bega.

"Mama, kuanzia sasa ukitaka kwenda hospitali, kwenye misiba, popote, unaniambia mimi. Umehangaika vya kutosha na lile kopo. Kaka naye apumzike. Kikohozi tutamtafutia watu wa vyuma chakavu, hela yake ataongezea mtaji."

Dereva akamsubiri mama aseme neno. Akasubiri nguzo moja ya umeme ikapita, ya pili ikapita.

"Haya, mwanangu," mama akasema, na kichwa chake kikaegemea dirisha.

Haya, mwanangu. Dereva aliyabeba maneno hayo mawili mpaka njia panda, penye kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya kwao.

Mabati akashuka kwenda chooni. "Jaza kabisa, nitalipa nikirudi." Mama alikuwa amelala, au miwani ilisema amelala. Binti wa pampu akaja anaburuta kandambili. Kaona pikapu, kaona mzee wa makamo kwenye usukani. Pikapu zote za upande ule ni za dizeli, zinazobeba mahindi na mbao.

"Shikamoo. Dizeli, mzee?"

"Marahaba. Jaza," akasema Dereva.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Neno lilimtoka lenyewe, kwa mazoea. Hilo hata mimi namtetea. Lakini neno likitoka linaweza kurudishwa. Binti alipoingiza mdomo wa pampu, ukakataa, maana mdomo wa dizeli ni mnene na shimo la gari la petroli ni jembamba. Binti akasonya, akaushikilia kwa juu, akawa anamimina polepole kama anayemnywesha mtoto dawa. Dereva akaona kwenye kioo cha pembeni. Tangu kule kwenye yadi masikio yake yalijua hili gari linakunywa nini. Alichotakiwa kufanya ni kutoa kichwa dirishani.

Akageuza macho. Yakaangukia ule mto wa maua chini ya mama, juu ya ngozi mpya. Akakaa kimya.

Hawakufika mbali. Wamepita daraja, wamepanda kilima kidogo, gari likaanza kutetemeka. Likapiga chafya. Moshi mweupe ukatoka nyuma ukafunika barabara, taa nyekundu zikawaka mbele zote kama harusini, na wale farasi wote wakafa kwa pamoja. Dereva akalisukumia pembeni kwa kasi iliyobaki.

"Nini?" Mabati akaruka chini. "Kaka, nini?"

Mabati akazunguka gari, akafungua kifuniko cha tangi, akanusa. Mtu wa mabati, lakini dizeli kila mtu anaijua. Akarudi mlangoni pole pole.

"Umetia dizeli."

"Binti kauliza, nikasema jaza. Mazoea, bwana mdogo. Mkono umezoea."

"Mkono!" Mabati akapiga boneti, kisha akapapangusa pale alipopapiga. "Na masikio? Wewe si ndiye gari likipita barabarani, uko ndani umelala, unasema bomba lake limetoboka? Umeliendesha hili siku mbili, masikio yalikuwa likizo?"

Dereva akatazama lami.

"Umefanya kusudi. Sema tu. Tangu tutoke kule umekasirika kama mke mwenza. Nimekukosea nini? Nimekuita, nimekulipa..."

"Ndiyo, umenilipa!" Hapo Dereva akapata sauti. "Umenilipa mbele za watu kama umeniokota stendi! Umechukua mto wa mama, umechukua safari za mama, Kikohozi unamuuza chuma chakavu, na mimi je? Utaniuza kwa kilo?"

"Lakini kaka, wewe una kila kitu!"

Hata Dereva alishangaa. Akamtazama mdogo wake na shati lake la pasi, akafikiri jua limempiga.

"Una kila kitu," Mabati akarudia. "Mama akiugua, anaitwa nani? Mtoto akizaliwa, nani anampeleka nyumbani? Baba alipozidiwa, alifia kichwa kikiwa mapajani pa nani? Mimi napigiwa simu baadaye. 'Mabati, tuma.' Natuma. Jeneza, tuma. Dawa, tuma. Mimi ni mfuko, kaka. Wewe ndiye mtoto. Unadhani pikapu nimenunua nibebe mabati? Mabati yana lori. Nimenunua ili siku moja mtu aseme, mwite yule aje."

Lori likapita, likawapulizia vumbi wote wawili. Mama akateremsha kioo cha upande wake.

"Mmemaliza? Mimi nina njaa."

Mabati akapiga simu mjini kutafuta gari la kuvuta. Wakamwambia kesho, Mungu akipenda. Dereva akampigia mkewe.

"Mama Pacha, njoo na Kikohozi. Tuko kilimani, karibu na daraja. Na ile kamba nene."

"Kamba ya nini?" mkewe akauliza. Kisha kicheko, kirefu, mpaka Mabati aliyesimama mbali akakisikia akafumba macho.

"Heri nilale hapa na gari langu," akasema.

"Lala," mama akamwambia. "Mimi nitaondoka na kamba."

Mama Pacha akafika na mkoba wake begani, kilemba kichwani, ameketi wima nyuma ya usukani. Akamsalimia mkwewe kwa kupiga goti, akamwambia Mabati, "Shemeji, hongera kwa gari," kwa adabu zote, na mdomo ukikataa kutulia. Dereva akafunga kamba. Mama akabaki kwenye mto wake, na Dereva akashika usukani wa gari bovu, kwa sababu gari likizima usukani unakuwa mzito kama jiwe na breki zinataka mguu wa mwanaume mzima. Mabati akasimama, hajui akae wapi. Akaishia kiti cha nyuma kama mwanzo, lakini safari hii hakujinyoosha. Alikaa ukingoni, kidevu kati ya viti viwili.

Kikohozi akakohoa, kamba ikakaza, wakaondoka.

Barabara ile ya mwisho inapita sokoni. Watu walishasikia Mabati anakuja na gari la ajabu, wamesimama. Kinyozi akatoka kibandani na mkasi mkononi, mteja amenyolewa upande mmoja.

"Jamani! Bibi kizee kamshika mjukuu mkono anamrudisha nyumbani!"

"Mabati, hilo linatembea au linasindikizwa?"

"Mama Pacha, kaza mwendo, lisije likakupita!"

Mama Pacha akapiga honi. Honi ya Kikohozi inalia kama bata aliyekanyagwa. Soko zima likapasuka. Mabati akainamisha kichwa katikati ya magoti, na Dereva akamwona kwenye kioo. Alikuwa ameitaka picha hiyo siku mbili nzima, nikuambie ukweli, aliitaka. Sasa ameipata, na ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo.

Walipolipita soko, akasema bila kugeuka, "Nilisikia."

"Umesikia nini?"

"Injini. Tangu kule yadi nilijua ni ya petroli. Pale kituoni neno lilinitoka kwa mazoea, lakini nilipoona ile pampu haiingii, ningeweza kumzuia yule binti. Sikumzuia."

Kamba ikalegea kwenye mteremko. Dereva akakanyaga breki kwa miguu miwili, gari likatulia, kamba ikakaza tena.

"Ule mto," Mabati akasema, "sikuutaka kwa ajili ya mama tu. Nilitaka Kikohozi akae bila mto."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Ningefanya hivyo hivyo."

Mama akakohoa kidogo nyuma ya miwani yake.

"Mimi nimefanyiwa macho," akasema. "Masikio hayakuguswa. Nilimsikia yule binti akiuliza dizeli, nikasema ngoja, wanaume wanajua magari yao. Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema, na mimi niseme. Mto huu mbaya."

"Mbaya vipi, mama?" wote wawili.

"Una bonge hapa katikati. Sijui uliweka nini humo, mwanangu, kama ngumi ya mtu. Miaka yote naukalia upande upande. Nikasema nisimuudhi, kashona mwenyewe. Halafu na huyu naye kautoa huko na kuuleta huku, nikasema haya, mwanangu. Na ninyi mnataka kuuana kwa ajili yake."

Mabati ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka vibaya, machozi yanatoka, na Dereva akamfuata, mpaka gari likayumba na Mama Pacha akatoa mkono dirishani kuwauliza kama wamelewa.

Wakaingia uani kwa Mabati jua likielekea kushuka. Watu wamejaa, mke wa Mabati amepika sufuria za wali na nyama za kulisha mtaa, na wote wameganda wanaitazama kamba. Kinyozi alikuwa ameshawatangulia kwa njia ya mkato.

"Tuambieni basi! Farasi wamepatwa na nini?"

Dereva akafungua mlango, akashuka, akafungua mdomo. Mabati akamwahi.

"Tulikosea mafuta," akasema kwa sauti ya wote kusikia. "Mimi na kaka. Kesho fundi anakuja kutoa tangi. Una swali lingine, au una njaa?"

"Nina njaa," Kinyozi akakubali.

Viti havikutosha. Mabati akazunguka nyuma ya gari lake, akasimama kidogo kama mtu anayeagana na kitu, akashusha mlango wa kasha la mizigo. "Leteni sufuria hapa," akasema. Mkewe akamtazama kama hamjui. Akaleta. Mchuzi wa kwanza kumwagika ulimwagika pale pale, kwenye rangi mpya, na watu wote wakamtazama Mabati. "Kuleni," akasema. "Litaoshwa."

Mama akatoa mayai yake na mkate miguuni mwa kiti, akayaongeza sahanini. Kisha akauvuta ule mto, akaukung'uta vumbi, akaangaza huku na huku kupitia miwani yake myeusi. Ndugu wawili wakanyooka kila mmoja mahali pake.

"Mama Pacha yuko wapi? Njoo, mwanangu. Leo dereva ni wewe. Kalia."

Mama Pacha akaupokea kwa mikono miwili, akauweka katikati ya lile kasha jeusi linalong'aa, akakaa. Akajisogeza kushoto. Akajisogeza kulia. Akanyamaza kwa adabu.

Dereva akamtazama, na Mabati akamtazama, na roho za wote wawili zikauma kidogo kwa pamoja. Kisha Mabati akasogea, akampangusia kaka yake nafasi kwa kiganja, wakanawa, wakakaa wakala.